Namna ya kuleta daladala mtaani kwenu kabla nyumba hazijaziba njia

Daladala haiji mtaani kwa sababu watu wanapata shida. Ingekuwa shida ndiyo inayoleta gari, sisi wa Goba ya ndani tungekuwa na stendi zamani sana. Gari linakwenda palipo na vitu vitatu: vichwa, yaani abiria, barabara inayopitika hata masika, na pa kugeuzia. Vichwa mnavyo. Barabara mtaipigania miaka, na mtaipata vipande vipande. Pa kugeuzia ndipo watu wanapopasahau, na pakishajengwa fremu za duka, basi tena. Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka jambo moja: tafuteni ardhi kwanza, gari baadaye.

Mimi nilikaa mlangoni miaka mingi, konda wa Coaster, njia za Mbezi, Kariakoo na Makumbusho. Siku hizi nauza nondo, saruji na mabati, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu, kata ya Goba, Manispaa ya Ubungo. Hesabu ya tajiri mwenye gari naijua, na lugha ya ofisi nimejifunza ukubwani. Hizo mbili hazisikilizani hata kidogo, na kazi yenu itakuwa kuzisikilizanisha.

Msijidanganye kwamba mna muda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja wa nyongeza hawakwenda kupanga Upanga. Wako huku pembeni: Goba, Madale, Kinyerezi, Kivule, Chanika, Chamazi, Kibada. Mtu kanunua kipande kwa mzee mwenye shamba, kaandikishiana mbele ya mjumbe, kahamia nyumba haijapigwa lipu, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani anatafuta usafiri. Kila mwezi kwenye duka langu naona nondo zinakokwenda. Zinakwenda kwenye zile nafasi wazi mnazodhani zitabaki wazi.

Barabara ni ya nani?

Anzeni hapa, maana nusu ya barua za wananchi zinakufa kwa kupelekwa mlango usio wake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaani, zile za udongo na changarawe mnazopita kila siku, ni za TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Tangu hapo mhandisi wa barabara hayuko tena mikononi mwa halmashauri kama zamani. Leseni ya gari la abiria, njia linayopita na nauli ni kazi ya LATRA, ambayo sheria yake ni ya 2019 na ambayo ilipokea kazi hiyo kutoka SUMATRA. Mwendokasi uko chini ya DART. Stendi, maeneo ya wazi na michoro ya mipango miji ni ya halmashauri. Kusimamisha gari linalofanya vurugu ni kazi ya trafiki.

Hapo ndipo mtu anapouliza: sasa jiji zima lina bosi gani? Swali zuri. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na sheria inayoziongoza, Namba 8, ikatungwa 1982. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000, ndipo tukapata manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke, na Halmashauri ya Jiji juu yake. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Februari 2021 ile Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya wote ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji.

Kwa mtu wa kawaida historia hiyo ina maana mbili. Kwanza, faili la mtaa wenu linaweza kuwa limebaki ofisi ya zamani. Sisi wa Goba zamani tulikuwa tunakwenda Magomeni, makao ya Kinondoni. Sasa tunakwenda Luguruni. Mkisikia "hatuna kumbukumbu ya eneo hilo," ulizeni kama ilitafutwa manispaa mliyotokea. Pili, gari likitoka Goba kwenda Makumbusho linaanzia Ubungo na kuishia Kinondoni, na hakuna baraza la madiwani linalokaa juu ya wote wawili. Anayewaona wote kwa pamoja ni ofisi ya mkoa. Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wa Bodi ya Barabara ya Mkoa. Kwa hiyo njia ikivuka mpaka wa manispaa, nakala ya barua iende manispaa zote mbili na mkoani. Kwa maoni yangu huu si utaratibu mzuri. Jiji la watu zaidi ya milioni tano lilipaswa kuwa na meza moja ya usafiri ambayo watu wameichagua. Lakini mimi nawaelekeza njia iliyopo, ya kuitengeneza upya siiwezi.

Hesabuni vichwa kikonda

Ofisini mkisema "wananchi ni wengi" hakuna atakayewabishia na hakuna atakayewasikiliza. Pelekeni namba.

Chukueni daftari la mistari, kijana mmoja anayeandika vizuri, na mkae kijiwe cha bodaboda kinachotema watu wengi kwenda lami. Anzeni saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Chagueni siku ya kazi ya kawaida, shule zikiwa zimefunguliwa, pasipo sikukuu. Jumamosi mhesabu tena. Kila anayepita kwa mguu, kwa bodaboda au kwa bajaji anapigwa mstari kwenye safu yake. Wanafunzi wapeni safu ya peke yao. Nitaeleza kwa nini.

Sasa hapa wengi wanakomea, wanafunga daftari saa tatu na kwenda kunywa chai. Konda hahesabu hivyo. Asubuhi gari linajaa popote Dar. Kinachomuumiza tajiri ni kurudi: gari limeshusha Makumbusho, linarudi ndani kukiwa na watu wanne, mafuta yaleyale, matairi yaleyale. Njia ya upande mmoja inakimbiwa hata kama asubuhi watu wananing'inia. Kwa hiyo hesabuni pia kuanzia saa nne hadi saa tisa, na mwandike kinachowaleta watu ndani mchana: shule, zahanati, soko, kiwanda cha matofali, msikiti wa Ijumaa, kanisa lenye ibada za katikati ya wiki. Kwetu sisi kilichotuokoa ni shule mbili na zahanati. Wazazi, walimu na wagonjwa wanakuja kinyume na foleni.

Tufanye hesabu ya meza. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Ya mwanafunzi ikabaki 200. Coaster yenye viti 28 ikijaa watu wazima ni 16,800. Ikijaa wanafunzi ni 5,600. Ndiyo maana makonda wanawafungia watoto mlango, na ndiyo maana nikasema safu yao iwe ya peke yake: mkienda kwa tajiri na idadi ya jumla, halafu siku ya kwanza akute nusu ni sare za shule, hatarudi. Mwambieni ukweli mapema, mwonesheni kwamba wanafunzi wanaingia saa kumi na mbili na watu wazima wanaendelea hadi saa tatu. Hapo anaona tripu mbili.

Andikeni pia watu wanalipa nini sasa. Kwetu bodaboda kutoka ndani hadi lami ilikuwa 1,000, mvua ikinyesha hairudi chini ya 1,500, na hapo bado hujapanda gari la kwenda mjini. Mama anayeuza maandazi akitoa hiyo asubuhi na jioni, faida yake imeliwa na usafiri. Namba hiyo itieni kwenye barua. Inamgusa diwani kuliko takwimu yoyote.

Pa kugeuzia

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo mitaa mingi inapokwama.

Kwanza jueni ukubwa. Msikadirie kwa macho. Tafuteni dereva wa Coaster anayeishi mtaani, mpeni hela ya mafuta Jumapili asubuhi, aje na gari lenyewe kwenye eneo mnalolifikiria. Ageuze kwa mkupuo mmoja bila kurudi nyuma, mnamwaga chokaa pale matairi yanapopita. Halafu ageuze huku gari la pili limesimama linapakia, kwa sababu hiyo ndiyo hali halisi ya saa kumi na mbili asubuhi. Mkipima mtashangaa: eneo lililoonekana kubwa linakatwa na nguzo ya TANESCO, mfereji na ukuta wa jirani. Dereva wetu alikataa sehemu ya kwanza bila hata kushuka. "Hapa mvua ikinyesha gari litaserereka mpaka kwa mama ntilie," akasema, na kweli ile ardhi inainama. Goba ni vilima na mabonde, na udongo wake mwekundu ukilowa una utelezi kama bamia. Chagueni palipo tambarare, juu ya mkondo wa maji.

Kisha jueni ni pa nani. Msiingie kwenye hifadhi ya barabara kwa kuona pako wazi. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 kwa ajili ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro wanajua X nyekundu inavyosoma. Kama ni hifadhi, kibali kinatoka kwa mwenye barabara. Kama ni shamba la mtu, mnakwenda kubisha hodi.

Sisi tulikwenda kwa mzee mmoja mwenye mikorosho, wa zamani kuliko mtaa wenyewe. Tulikuwa mama mwenyekiti, mtendaji, mimi na jirani yake wanayesali pamoja. Huyo jirani ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko sisi wote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmekuja kunipokonya shamba?"

"Hapana baba. Tumekuja kuomba pembe moja tu, pale penye ule mkorosho uliokauka."

"Na magari yenu yasipokuja?"

Swali hilo mjiandae nalo. Mama mwenyekiti alijibu vizuri: yasipokuja pabaki eneo la wazi la watoto, pasiuzwe na mtu yeyote, si mzee, si mwenyekiti, si mjumbe. Na tukaliandika.

Mzee hakukubali siku hiyo. Mtoto wake wa kiume alikuwa na mteja wa kiwanja kwenye pembe ileile. Tulichofanya ni kumwonesha kijana kwamba viwanja vitatu vitakavyobaki jirani na kituo vitauzika kwa bei nzuri kuliko kimoja atakachouza leo. Mwisho nusu ya pembe wakatoa, nusu tukanunua kwa michango ya kaya, na orodha ya waliochanga ikabandikwa ukutani ofisi ya mtaa na kiasi cha kila mmoja. Msikubali michango isiyobandikwa. Ndiyo inayovunja kamati.

Kuhusu karatasi, shikeni haya kwa makini:

- Mke na watoto wakubwa wa mwenye shamba watie saini pamoja naye. Akifa, warithi wasiotia saini watauza.
- Makubaliano yaandikwe kwa jina la Halmashauri ya Manispaa. Kijiji kina halmashauri yake yenye uwezo wa kisheria wa kumiliki mali, mtaa hauna. Ardhi ikiandikwa jina la mwenyekiti, mmempa mwenyekiti kiwanja.
- Muhtasari wa mkutano wa wananchi ulioridhia, wenye mahudhurio na saini, uambatane na makubaliano.
- Afisa ardhi au mipango miji wa manispaa aje kupima, na eneo liingie kwenye mchoro.

Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Mchoro wa mipango miji ukishaidhinishwa na kipande chenu kimo kama eneo la umma, anayetaka kukibadilisha ana safari ndefu ya maombi na matangazo. Mchoro ukipita kipande hakimo, safari hiyo ni yenu. Kwa hiyo kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kupangwa mtaa uliokwisha kujengwa bila mchoro, mkutano wa kuchagua kamati ya urasimishaji msiudharau. Watu wanafikiri urasimishaji ni kupata hati tu. Ni pale pale inapoamuliwa barabara itakuwa na upana gani na nani atasogeza ukuta. Nimeona mtaa mzima umepata namba za viwanja nzuri kabisa, na hakuna barabara hata moja ambayo Coaster mbili zinaweza kupishana. Hao wataishi na bajaji hadi wajukuu.

Barua na vikao

Njia ya kawaida: mkutano wa hadhara wa mtaa unaazimia, mtendaji anaandika muhtasari, suala linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kutoka hapo linakwenda halmashauri, kwenye kamati ya mipango miji na hatimaye baraza la madiwani. Kuhusu barabara, TARURA wilaya wanapata barua yao. Kuhusu njia ya gari, LATRA wanapata yao.

Muda ni jambo la kuangalia sana. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na bajeti za halmashauri zinapitishwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kalenda. Mkienda Mei na ombi la changarawe mtaambiwa "tumelipokea", na kweli limepokelewa, litangoja mwaka ujao. Fanyeni mkutano wa mtaa Septemba au Oktoba, kabla vuli haijakolea, ili Novemba jambo liwe kwenye kata.

Barua yenyewe iwe fupi. Acheni "tunateseka sana" na "tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa". Andikeni hivi:

"Wakazi wa Mtaa wa …, katika mkutano wa tarehe …, tuliazimia kuomba njia ya daladala kutoka … hadi … kupitia …. Urefu wa njia ni kilomita …. Kati ya hizo … ni lami na … ni changarawe. Tulihesabu abiria … kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi, wakiwamo wanafunzi …, na abiria … kati ya saa 4 na saa 9. Eneo la kugeuzia lipo na makubaliano yake yameambatanishwa. Tunaomba wataalamu wenu waje waikague njia pamoja nasi."

Wekeni namba za simu za watu wawili, maana mmoja simu itazima siku wataalamu wanakuja. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hamjapeleka kitu. Kuna ofisi moja tulizungushwa tukaambiwa barua haijafika. Tulipotoa nakala yenye muhuri wao, ikaonekana ndani ya nusu saa.

Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Nendeni watatu, vaeni vizuri, kaeni nyuma, andikeni. Diwani akiona watu wake wamekaa pale na daftari, swali lake la barabara linakuwa kali zaidi. Baada ya kikao mfuateni: "Mheshimiwa, tumekusikia. Majibu ya meneja wa TARURA tutayapata lini?" Msimgombeze. Diwani hana greda wala hatoi leseni ya njia; alichonacho ni mdomo na kiti, mpeni sababu ya kuvitumia.

Kumpata tajiri

LATRA hawana magari. Wanatoa leseni kwa mwenye gari anayeomba njia. Mkipata kibali cha njia bila mwenye gari, mmepata karatasi.

Msianze na matajiri wakubwa. Anzeni na madereva wanaolala mtaani kwenu. Kila mtaa wa pembeni una dereva au wawili wanaoamka saa tisa usiku kwenda kuchukua gari linakolala. Mwambieni: gari likilala hapa, tripu ya kwanza inaanzia hapa saa kumi na moja, na ulinzi tutausimamia sisi. Dereva mwenyewe ndiye atakayemshawishi tajiri wake. Kwetu mlinzi wa usiku analipwa na maduka ya jirani, ambayo nayo yanataka gari.

Tajiri akija kuona njia atauliza mambo ya spring na matairi kabla ya abiria. Pitisheni gari lake siku ya kawaida, na yale mashimo mawili mabaya mjaze kifusi mapema. Usimfiche daraja bovu. Ataliona mwenyewe siku ya pili.

Bodaboda msiwaruke. Hao ni watoto wa mtaani, wana familia, na wanaweza kuifanya njia ishindikane. Kaeni nao kabla gari halijaja, mkubaliane vijiwe vyao vihamie kwenye njia panda za ndani, wawe wanaleta abiria kwenye daladala. Kijiwe kimoja kwetu kiligoma wiki za mwanzo. Mwenyekiti wao alikuja kusema mwenyewe, baadaye, kwamba tripu fupi za mia tano ni nyingi kuliko ndefu za elfu.

Likishaanza

Wiki za kwanza kila mtu anafurahi. Kisha gari linaanza kukatisha. Limeandikwa hadi ndani, saa nane mchana linageuzia lami na konda anasema "mwisho hapa, shukeni, barabara mbaya". Barabara si mbaya, vichwa ndivyo vichache. Naijua hiyo sauti, nimeitoa mwenyewe. Msigombane mlangoni. Andikeni namba ya gari, saa, mahali mliposhushwa na mahali mlipotakiwa kufika, mpeleke LATRA. Leseni yake inataja njia, na kukatisha ni kosa. Lalamiko lisilo na namba ya gari ni hadithi. Nauli nayo haipandi kwa sababu ya mvua wala sikukuu.

Mifereji ichimbeni wenyewe kabla ya Machi. Greda la TARURA likipita mwezi Februari na mfereji haupo, Aprili mmerudi mlikotoka.

Jambo moja mlifanye mapema, hasa mlio karibu na Barabara ya Bagamoyo au Sam Nujoma. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, daladala ziliondolewa kwenye njia ile na njia nyingine zikachorwa upya. Awamu ya nne inapita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na ya Bagamoyo hadi Tegeta, na Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo. Njia zinazoishia kwenye barabara hizo, ikiwamo yetu ya Makumbusho, zitaguswa. Andikeni sasa kwa DART na LATRA mkiomba njia yenu iwe ya kulisha mwendokasi, mtaje kituo mnachotaka iishie, na ambatanisheni hesabu ya vichwa ya mwaka huu. Ya mwaka juzi wataiweka pembeni, kwa sababu nyumba zimeongezeka na wao wanajua.